Chagua Mtaa Kwanza: Maneno kwa Wanaotaka Kiwanja Kati ya Kibamba na Mlandizi

Ndugu mwenyekiti, viongozi wa chama chetu cha akiba na mikopo, wanachama wenzangu. Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, za asubuhi.

Katibu ameniambia kwamba fomu nyingi za mkopo mlizojaza mwaka huu zina sababu ileile: kiwanja. Na mahali ni palepale: Kibamba, Kiluvya, Kibaha, Visiga, mpaka Mlandizi. Siwashangai. Kazi zetu ziko Muhimbili, Kariakoo na Ubungo. Kimara na Mbezi bei ilishatukimbia siku nyingi. Kwa hiyo mtu anapanda gari la barabara ya Morogoro, anahesabu vituo, na pale anaposikia bei inayolingana na mfuko wake anashuka na kumtafuta dalali.

Nimefanya kazi ya uthamini wa ardhi na majengo mpaka nikastaafu, na kwa macho yangu hapo ndipo tunapoanza kwenda kombo. Watu wanachagua kiwanja, kisha wanakuja kuujua mtaa wakiwa wameshamwaga msingi. Mimi nawaomba mgeuze. Chagueni mtaa, mkae nao kidogo, mjue tabia zake, ndipo muulize nani anauza. Kiwanja chenye kasoro ndani ya mtaa mzuri utakijaza kifusi, utakijengea ukuta, utakiishi. Kiwanja kizuri ndani ya mtaa mbaya utakipenda siku za Jumapili tu, maana Jumatatu saa kumi na moja alfajiri unatakiwa kutoka humo uende kazini.

Tuanze na mahali ambapo kila mtu anapatamani, pembeni ya lami. Dalali akikupeleka kwenye kiwanja kinachotazama barabara kuu anabadilika hata sauti. Anakuambia utaweka fremu za maduka, utapangisha, mkopo utajilipa wenyewe. Labda. Lakini waulizeni waliokuwa Kimara, Mbezi na Kibamba mwaka 2017. Serikali ilisimamia hifadhi ya barabara, yaani eneo la pembeni lisiloruhusiwa kujengwa, ya mita 121.5 kila upande kutoka katikati ya barabara, hifadhi iliyotokana na sheria za tangu enzi za mkoloni, na nyumba zikabomolewa kutoka Kimara kuelekea Kiluvya. Humo kulikuwa na nyumba zenye umeme, zenye mita za maji, nyumba ambazo watu wamezaliwa na kuolewa humo. Baadaye ikajengwa barabara pana ya njia nane, Kimara mpaka Kibaha, kilomita 19.2, na leo sote tunaifurahia tunapopita. Furaha hiyo kuna walioilipia.

Kwa barabara kuu nyingine nchini kipimo ni kidogo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inataka mita 30 kila upande, na kabla yake ilikuwa mita 22.5. Ndiyo maana mnaona nyumba zimepigwa X nyekundu na nyingine X ya kijani. Aliye ndani ya ile hifadhi ya zamani anapata nyekundu na hana fidia. Aliyefikiwa na nyongeza ya 2007 anapata kijani na anastahili kufidiwa. Kwa hiyo ukiambiwa "hapa ni salama, tupo mita hamsini kutoka lami," usijibu chochote. Nenda TANROADS, wakala wa barabara kuu, uulize hifadhi ya kipande hicho cha barabara ni mita ngapi, kisha mlete mpima aje na kifaa chake. Miguu ya muuzaji haiaminiki. Akikuuzia, hatua zake ni fupi kama za bibi harusi.

Ukitaka fremu, nunua fremu kama biashara, na hesabu zake ni za biashara. Ukitaka kulala, ingia ndani.

Ingia ndani kiasi gani? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hili ndilo linalokula mishahara ya watu bila wao kuona. Kutoka lami kwenda ndani, bei inashuka. Inashuka taratibu mwanzoni, halafu kuna mahali inaporomoka ghafla, na mahali hapo mara nyingi ni pale ambapo mtu hawezi tena kutembea kwa mguu mpaka kituoni bila kulowa jasho. Kuanzia hapo ni bodaboda. Sasa tuseme bodaboda ni shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, na nyumbani mnaofanya kazi ni wawili, baba na mama, siku 24 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 96,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,152,000. Kwa miaka kumi ni zaidi ya milioni kumi na moja na nusu, na sijaweka watoto wa shule, sijaweka siku ya mvua ambayo bodaboda anataka mara mbili, sijaweka mfuko wa saruji na gunia la mkaa. Ile punguzo uliyoshangilia siku ya kununua, umemlipa kijana wa pikipiki, na tena umemlipa zaidi.

Kwa hiyo mimi, mtu akiniuliza, humwambia atafute mtaa ulio nyuma ya hifadhi ya barabara lakini ndani ya mwendo wa dakika kumi na tano kwa mguu wa kawaida. Mguu wa kawaida ni wa mama aliyebeba mtoto, si wa askari. Hata kama kiwanja ni kidogo. Wanachama wengi hapa mnang'ang'ania ukubwa: "nataka nusu eka nifuge kuku." Kuku wa nusu eka huko ndani wanakula nauli yako.

Lakini umbali peke yake hautoshi, na wanaoishi upande huu wanajua kwa nini. Barabara ya Morogoro kwa sehemu kubwa kutoka Kimara imekaa juu ya mgongo wa vilima. Ukiacha lami, kulia au kushoto, mara nyingi unashuka. Upande wa kaskazini kuna bonde la mto Mpiji, ule unaotenganisha Dar es Salaam na Pwani, na kuna vijito vingi vidogo ambavyo kiangazi vinaonekana kama njia ya ng'ombe. Vinakuwa vikavu, vina mchanga mweupe mzuri, watoto wanachezea mpira humo. Masika yakifika, Machi mpaka Mei, ndiyo unajua kwamba ile haikuwa njia ya ng'ombe.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Wauzaji wa mabondeni wanaijua vizuri kuliko sisi, ndiyo maana wanauza kwa haraka na kwa bei ya kutupa. Na msifikiri mto unakaa mahali pamoja. Wachimba mchanga wanaupanua kila mwaka. Nyumba iliyokuwa mbali na kingo wakati inajengwa unaikuta leo imening'inia. Mnakumbuka mafuriko ya Desemba 2011 pale bonde la Msimbazi, watu walipohamishwa kupelekwa Mabwepande. Wengi wao hawakununua mtoni. Walinunua "karibu na mto", halafu mto ukawafuata.

Basi utajuaje, kama umekwenda mwezi wa Agosti na vumbi limetanda? Tazama mimea. Ukiona matete na migomba imestawi bila mtu kuimwagilia, chini kuna maji. Tazama kuta za nyumba za zamani, si mpya, na utafute mstari wa tope. Watu hupaka rangi lakini mstari hurudi. Tazama kama majirani wamepanga viroba vya mchanga milangoni au wameinua vizingiti. Chimbua udongo kidogo: ukiwa mweusi, umepasukapasuka na ukilowa unanata kwenye kiatu, huo ni mfinyanzi, na msingi wako utakula nondo kuliko ulivyopanga. Vyoo navyo vitakusumbua, shimo linajaa maji kabla halijajaa kingine. Halafu nenda kijiweni pale barabarani, waulize bodaboda swali moja tu: mvua ikinyesha, wapi hamuendi? Watakutajia mitaa kwa majina bila hiyana. Hakuna mthamini, na mimi nikiwemo, mwenye ramani bora kuliko hiyo.

Ikiwezekana, nenda wakati wa masika. Najua hakuna anayependa. Lakini muuzaji akikwambia "subiri mvua zipite ndipo tukaone vizuri", wewe mshukuru kwa kukupa taarifa, na uende kesho yake.

Sasa, wapo watakaosema: basi tupande juu kabisa, kwenye kilele. Huko nako kuna shida yake, nayo ni maji ya bomba. Mtambo wa Ruvu Juu uko Mlandizi. Ulipanuliwa kutoka lita milioni 82 hadi lita milioni 196 kwa siku, na bomba lake kubwa linafuata njia hii hii mpaka matangi ya Kimara. Mtu wa kawaida anadhani kwamba kwa sababu bomba linapita Kibaha na Kiluvya basi maji yatakuwa bwerere. Bomba kubwa kupita mbele ya mtaa wako si sawa na mtaa wako kuunganishwa, na mtaa ulioko juu hupata msukumo mdogo. Kuna watu wanafungua bomba saa nane za usiku kwa sababu ndiyo saa maji yanapanda. Hivyo kabla ya kununua juu, omba uone ankara ya jirani ya DAWASA, mamlaka ya maji, ya miezi kadhaa, na uulize wangapi wana simtanki na wanajaza kwa gari la maji. Mimi bado ningechagua juu kuliko bondeni. Kukosa maji unanunua tangi. Mafuriko hayana tangi la kuyaweka.

Kuhusu umeme sitasema mengi. Hesabu nguzo kutoka nyumba ya mwisho yenye umeme mpaka kwenye kiwanja chako, kisha nenda TANESCO wakupe bei. Na usinunue chini ya laini kubwa ya umeme hata kama kuna watu wamejenga.

Wengine mmeniuliza kabla ya mkutano kuhusu treni. Treni ya umeme ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma Julai mwaka huohuo, na kati ya stesheni zake kuna Pugu, Soga na Ruvu. Tangu hapo kila shamba la mihogo huko Soga limekuwa "karibu na SGR". Tafadhali. Treni ya masafa marefu haikungoji kama daladala. Kabla ya kununua kwa sababu ya stesheni, chukua ratiba, tazama treni gani inasimama hapo, saa ngapi asubuhi, na inakurudisha saa ngapi jioni. Muuguzi wa zamu ya usiku na ratiba hiyo watapatana? Na jambo jingine: reli ile imezungushiwa uzio. Unavuka kwenye kivuko au pitio lililojengwa, basi. Unaweza kuiona treni kutoka dirishani kwako na bado ukahitaji kuzunguka mbali kufika ng'ambo, kwenye shule au kwenye barabara. Kwa hiyo mtaa wa upande wa stesheni na mtaa wa upande wa pili ni mitaa miwili tofauti, hata kama dalali anakutajia bei moja.

Nije kwenye karatasi, maana hapa ndipo machozi yalipo. Upande huu kuna tatizo la mipaka ambalo kwingine hulikuti sana. Chukua Kiluvya. Jina moja limevuka mpaka: kuna Kiluvya ya Kibamba, ambayo iko Ubungo, mkoa wa Dar es Salaam, na kuna kata ya Kiluvya iliyo wilaya ya Kisarawe, mkoa wa Pwani. Ukisogea mbele unaingia Kibaha. Mtu anakuuzia "Kiluvya" na wewe unafurahi, kumbe ofisi yako ya ardhi iko Kisarawe mjini, ambako unazunguka kupitia Pugu. Si dhambi kuwa Kisarawe. Ila ujue kabla, kwa sababu kwenye ofisi hiyo ndiko utakakokwenda kuuliza kama kiwanja kipo kwenye ramani, na ndiko utakakofuatilia kibali cha ujenzi. Na hati za zamani za upande wa Ubungo utazikuta zimeandikwa Kinondoni, kwa sababu Ubungo ilikatwa kutoka huko. Hiyo peke yake si dalili ya utapeli. Dalili ya utapeli ni muuzaji kukasirika ukiuliza.

Neno "kimepimwa" linatumika ovyo. Mtu amenunua shamba, amevuta kamba, amechimbia mawe ya rangi nyeupe, anaita vimepimwa. Kiwanja kilichopimwa kina ramani ya upimaji iliyoidhinishwa na serikali, kina namba na kitalu, na kiko juu ya ramani ya mipango miji. Omba vyote hivyo, uvipeleke halmashauri wewe mwenyewe, si kwa mkono wa dalali wala kwa mkono wa shemeji wa dalali. Ukiwa pale, tazama ramani ya mtaa mzima. Hapa narudi kwenye hoja yangu: usitazame kiwanja chako pekee. Tazama barabara iliyo mbele yake imechorwa mita ngapi. Tazama jirani kuna nini kimepangwa: shule, soko, eneo la wazi, makaburi? Wapo waliouziwa eneo la wazi wakajenga. Wapo waliojenga vizuri, kisha soko likaja ukutani kwao, wakalalamika, kumbe lilikuwa kwenye ramani tangu mwanzo.

Mitaa isiyopimwa nayo siiti haramu. Wengi wetu tunaishi humo. Lakini itazame barabara yake kwa jicho kali. Kama bajaji mbili hazipishani leo, wakati kuna nyumba kumi, zikifika hamsini gari la zimamoto na la kunyonya maji taka havitaingia. Kisha utakuja urasimishaji, yaani kupimwa na kumilikishwa makazi yaliyojengwa bila mpango, mtaombwa kila mmoja aachie kipande, na wewe uliyenunua mwishoni na kujenga ukuta wako kwenye mpaka ndiye utakayebomoa. Kuna mitaa watu wamechanga pesa za urasimishaji na hati hazijatoka hadi leo. Muuzaji akisema "hati zinakuja", lipa bei ya kiwanja kisicho na hati. Zikija, ni bahati yako.

Ukiwa nje ya mji, kwenye ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakuhusu, na mtu asiye mwanakijiji hapewi ardhi na mtu mmoja nyuma ya nyumba. Kuna baraza la kijiji, kuna mihtasari ya vikao vyake. Omba muhtasari. Na mjini au kijijini, muhuri wa mwenyekiti si hati. Unathibitisha kwamba mwenyekiti alikuwepo, hauthibitishi kwamba muuzaji ndiye mwenye mali. Ile asilimia kumi ya mauziano anayodai mwenyekiti haipo kwenye sheria yoyote, na serikali imeshaikataza mara nyingi. Najua mnalipa. Najua na kwa nini mnalipa. Walau msiihesabu kama kinga.

Kwa chenye hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya msajili wa hati kabla ya kutoa hata shilingi ya utangulizi: ni jina la nani, kuna mkopo wa benki, kuna zuio la mahakama? Uliza kama kodi ya pango la ardhi imelipwa, kwa sababu deni linakaa na ardhi. Kama anauza baba na nyumba ni ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzi wake. Mwone huyo mama uso kwa uso, asitie saini kwa simu. Kama ni mali ya marehemu, mtafute msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa. Mkataba auandike wakili. Bajeti yako iwe na nafasi ya ushuru wa stempu, asilimia 1, na mkubaliane kwa maandishi kwamba kodi ya ongezeko la mtaji, ile ya faida ya mauzo, ni ya muuzaji, maana wauzaji wengi hulisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza mbele ya afisa wa TRA na hapo uhamisho unakwama.

Mama mmoja hapa mbele amenong'ona: haya yote, na dalali anasema kuna mteja mwingine anakuja saa saba mchana? Dada yangu, huyo mteja wa saa saba nimemsikia tangu nilipokuwa kijana kazini, sijawahi kukutana naye. Mwache anunue. Upande huu viwanja havijaisha. Kati ya Kibamba na Mlandizi mtu mwenye akiba na subira bado anachagua, na akiwa na wenzake watatu wanaotaka mtaa mmoja anachagua vizuri zaidi, kwa sababu mpima mmoja, wakili mmoja na upekuzi mmoja mnagawana gharama, na siku ya kuomba TARURA, wakala wa barabara za mitaani na vijijini, ichonge barabara mnakwenda mkiwa kaya nne.

Hilo ndilo nililomwomba mwenyekiti aliweke kwenye ajenda. Wanachama wenye fomu za Kiluvya waonane na katibu kabla ya kuondoka, wa Kibaha na Visiga wakae na mweka hazina. Jumamosi tutatoka kituo cha Mbezi saa kumi na mbili asubuhi, kwa daladala na kwa miguu, tukiipima njia kama tutakavyoiishi. Utabiri ni wa mvua. Safari haitaahirishwa, njooni na viatu vya tope.

Asanteni kwa kunisikiliza.